Kansa ya umio wa juu: mbona mgonjwa hapasuliwi?

Umio ni lile bomba linalopitisha chakula kutoka kooni mpaka tumboni, kwa mtu mzima kama sentimita 25. Huku Lamu yote tunaita koo tu. Umio wa juu ni kile kipande kifupi cha shingoni, kuanzia chini ya kikoromeo mpaka kwenye kile kishimo juu ya kifua.

Ami yangu alikuwa na kansa hapo, na alipoambiwa hapasuliwi, atapewa kemo (dawa za kuua kansa) na mionzi, nyumbani watu walianza kulia wakidhani ndo ashakatiwa tamaa. Sio hivyo jamani. Pale juu umio umeshikana na kikoromeo, ukitaka kuitoa kansa yote kwa kisu mara nyingi lazima na kikoromeo kitoke, mtu abaki anapumulia tundu la shingoni na sauti yake ishaenda. Kwa hivyo kama haijasambaa mbali, kemo na mionzi ndio matibabu yenyewe ya kutafuta kupona, sio ya kumpoza mgonjwa.

Ila vinatolewa PAMOJA. Mionzi inaharibu DNA (maagizo ya ndani ya seli) ya seli za kansa pale inapoelekezwa, dawa ya kemo kama cisplatin inazizuia zisijitengeneze tena, na kwa vile inatembea na damu inazifuata hata zilizotoroka. Kuna utafiti wa Marekani, matokeo yake ya 1999, ulikuwa wa umio wa kifuani lakini somo ni lile lile: waliopata vyote viwili kama robo walikuwa hai baada ya miaka 5, waliopigwa mionzi peke yake, tena mingi zaidi, hakuna hata mmoja.

Mionzi ni Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki 5 au 6. Unalala, maski ya plastiki iliyofinyangwa kwa uso wako inakubana mpaka mabegani usitikisike, dakika chache unatoka, husikii uchungu. Tabu ya mtu wa Lamu ni kwamba hawezi kwenda na kurudi, boti mpaka Mokowe halafu basi, kwa hivyo ni kupanga chumba Mombasa tu. Siku za cisplatin utakaa na dripu ya maji masaa mengi, hiyo ni kulinda figo, usiikimbie.

Wiki ya tatu koo likaanza kuwaka, ami akawa anameza mate huku amefumba macho, uji uliopoa haupiti, ikabidi awekewe mpira wa puani wa kulishia. Alitaka kuacha. Tukamkatalia, maana siku zikirukwarukwa kansa inapata nafasi ya kumea tena.

Alimaliza, na sauti anayo. Miezi mingine baadaye mkate wa mofa ukamkwama, sote tukajua imerudi, kumbe kamera ilipoingizwa ni kovu la mionzi limeubana umio, wakaupanua, wiki ile ile akala samaki. Kwa hivyo chakula kikikwama baada ya matibabu nenda ukaangaliwe kwanza, kabla hamjaanza kulia.