Goti la Miaka Sabini na Asubuhi ya Tatu

Kila mwaka, Februari ikikaribia kwisha, wazee huanza kuja kliniki wakiwa na swali moja: "Daktari, nitafika?" Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, ila hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, nimezoea kuitika jina hilo. Wanakotaka kufika ni Namugongo, mahali pa hija karibu na Kampala, Uganda, kwa miguu, kabla ya Juni 3, siku ambayo Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi wa imani ya Kikristo, walichomwa moto mwaka 1886. Kutoka mpakani ni karibu kilomita 200: Bugiri, Iganga, Jinja, msitu wa Mabira, Lugazi, Mukono. Wengine huniambia kwa unyonge kwamba hija ile ni ya vijana, maana Kizito, mmoja wa mashahidi hao, alikuwa na miaka kama 14 tu. Mimi huwakumbusha Mathias Kalemba Mulumba, mtu mzima wa miaka kama 50, mwenye cheo na familia, naye ni shahidi vilevile.

Kabla ya kuwajibu, nami huwauliza: ukitembea leo na kesho, keshokutwa utaamkaje?

Swali hilo nilifundishwa na mzee mmoja wa miaka 71, mkulima, miguu imekomaa kwa shamba. Nilimwambia atembee kilomita 25 Jumamosi moja. Akatembea, akarudi akicheka, nami nikamruhusu. Siku ya kwanza ya safari alikuwa mbele ya vijana. Siku ya pili akawa katikati ya msafara. Asubuhi ya tatu, kwenye sakafu ya darasa tulimolala, alishindwa kuinuka mpaka tukamshika mikono yote miwili. Kosa lilikuwa langu. Nilipima nguvu za siku moja, na hija haitembewi siku moja.

Kinachotokea ni hiki. Watu wengi huogopa kupanda, lakini kinachoumiza msuli zaidi ni kushuka. Unaposhuka, msuli wa mbele ya paja unafanya kazi ya breki: unakaza huku unavutwa. Nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo, wala husikii kitu siku hiyo. Maumivu hufika kilele kati ya siku moja na siku tatu baadaye. Wakati huohuo lengelenge la siku ya kwanza limeshapasuka, nyayo zimevimba, na usingizi wa sakafuni haujamtosha mtu. Kijana naye huumia, ila mwili wake hujitengeneza upesi. Mtu wa miaka 65 anapona pia, lakini usiku mmoja haumtoshi.

Habari njema, na hii napenda sana kuwaeleza wazee, ni kwamba msuli hujifunza. Ukishauumiza kwa kiasi kwa kazi fulani, kazi hiyohiyo ikirudi ndani ya wiki chache zinazofuata haitauumiza kama mwanzo. Kwa hiyo mazoezi yangu ni ya siku mbili mfululizo. Tunaanza wiki 12 kabla ya safari kwa matembezi mafupi. Kufikia wiki ya tano ni kilomita 10 Jumamosi, na 10 nyingine Jumapili baada ya misa. Jumatatu asubuhi nataka simu: umeshukaje ngazi? Ukishuka ukishikilia ukuta, wiki inayofuata hatuongezi kilomita hata moja. Polepole tunafika 18 kwa 18. Siku 10 za mwisho tunapunguza. Nyumbani, chai ikisubiriwa kuchemka, keti kwenye kiti na uinuke mara kumi bila kushika popote, kisha nyanyua visigino. Mvua za Machi na Aprili zisikuzuie, kwa sababu njiani pia utaloa, na ni heri ujue mapema raba zako hufanya nini zikilowa.

Sasa dawa, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mahujaji hupeana dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, kama peremende. Mtu mwenye presha, anayemeza vidonge vya kukojosha au vile vya enalapril na losartan, akiongeza hizo juu ya jasho la siku nzima na maji machache, anaweza kuziumiza figo zake vibaya. Umri nao hupunguza kiu: mwili unahitaji maji na mdomo hausemi. Kunywa kwa saa, usingoje kiu. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo chake ndiyo salama zaidi kwa wengi, lakini pitia kwa daktari wako na dawa zako zote mkononi kabla hujafunga mzigo. Mwenye kisukari asitembee peku hata kwenda chooni, akague nyayo kila jioni kwa tochi, na glukosi ikae mfukoni mwake, si kwenye gari la mizigo.

Viatu havina mengi: raba ulizokwisha kuzivaa miezi miwili, zenye nafasi mbele ya vidole, na soksi za kubadilisha mchana. Fimbo, ndiyo, hasa kwa kushuka. Barabarani tembea upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja, hata kama kwaya nzima iko kushoto.

Kilichobaki ni gari. Wengi wameweka nadhiri ya kutembea njia yote, na aibu ya kupanda gari huwafanya wafiche maumivu mpaka yawe jeraha. Ongea na padre wako kabla ya kuondoka, nyumbani, ukiwa na akili tulivu. Kati ya Iganga na Jinja ni kama kilomita 40, na hapo ndipo kundi letu siku hizi huweka siku ya mapumziko kwa walio na zaidi ya miaka 60: anayetaka hupanda, anayetaka hulala mchana kutwa miguu ikiwa juu. Yule mzee wangu alirudi mwaka uliofuata, akiwa na 72. Alipanda gari kipande hicho, akavuka Nile kwa miguu yake, na Mabira akaipita akiongoza rozari.