Vidole vya mpiga kinanda vinapogoma

Kijana alikaa mbele yangu katika chumba chetu cha mazoezi tiba hapa Kigoma, akaweka mikono yote miwili juu ya meza kana kwamba meza ndiyo kinanda. Nilimwomba apige wimbo wowote wa Jumapili iliyopita. Mkono wa kushoto ulitembea vizuri. Wa kulia nao ulianza vizuri, ila ulipofika mstari wa pili kidole cha pete kikajikunja kiganjani, cha mwisho kikakifuata, vikabaki humo. Nikampa kalamu, akaandika jina lake bila shida. Nikamwambia afungue vifungo vya shati, akavifungua vyote. Hakuwa na maumivu hata kidogo. Kinanda tu ndicho kilichokuwa kikimkatalia, na kwao walishaanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu.

Nikamsimulia habari za mpiga piano Leon Fleisher.

Fleisher alizaliwa San Francisco, Marekani, mwaka 1928. Alianza piano akiwa na miaka 4, na alipofika miaka 9 alipokelewa na Artur Schnabel, mwalimu aliyeheshimika sana kwa muziki wa Beethoven. Mwaka 1944, akiwa na miaka 16, alipiga pamoja na okestra ya New York Philharmonic katika ukumbi wa Carnegie Hall. Mwaka 1952 alishinda shindano la Queen Elisabeth huko Brussels, akiwa Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo. Tukisikia mpiga piano wa matamasha tunafikiri ni kazi ya kukaa. Ukweli ni kwamba ni kazi ya mwili mzima. Konseto moja ya mtunzi Brahms, yaani kazi ndefu ya piano na okestra, huzidi dakika 40, mara nyingi hupigwa bila kutazama karatasi, na nyuma yake kuna saa nyingi za mazoezi kila siku, tangu utotoni.

Katikati ya miaka ya 1960, jina lake likiwa juu kabisa, vidole viwili vya mkono wa kulia vikaanza kujikunja: cha pete na cha mwisho. Vilevile kama vya kijana wangu. Fleisher akafanya ambalo kila mpiga kinanda mwenye bidii angelifanya, akazidisha mazoezi. Vidole vikakunjamana zaidi. Alipita kwa madaktari wengi, akakata tamaa hadi akafikiria kujiua.

Ugonjwa huo unaitwa distonia. Katika ubongo kila kidole kina eneo lake. Mwendo uleule ukirudiwa mara elfu na elfu, maeneo ya vidole vilivyo jirani yanaweza kuingiliana, amri iliyotumwa kwa kidole kimoja ikafika kwa viwili au vitatu. Ndiyo maana mkono ule ule unashika kalamu vizuri na kushindwa kinanda. Si uvivu, wala si uchawi, na kumlazimisha mgonjwa apige zaidi ni kumwongezea tatizo.

Wengi wanaokuja kwetu, hata hivyo, hawana distonia. Wana maumivu ya kutumia mkono kupita kiasi. Shika kigasha chako sasa, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, kisha chezesha vidole kama unapiga kinanda: utasikia misuli ikitembea chini ya ngozi. Misuli mikubwa inayokunja vidole iko hapo, nayo huvivuta kwa kano ndefu. Kano tisa hupita kwenye mfereji mmoja mwembamba kifundoni, pamoja na neva moja. Kifundo kikikaa kimepinda usiku kucha, neva hiyo hubanwa, na mtu huamka gumba na kidole cha shahada vimekufa ganzi.

Na sisi tunavipinda kweli. Nimeona kwenye mikesha kinanda kimepandishwa juu ya meza ya kulia chakula, mpigaji amekalia kiti cha plastiki, viganja vinaning'inia kama vya mtu anayechungulia dirishani. Mpigaji mmoja anahudumia kwaya tatu, kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri. Nawaomba viongozi wa kwaya walitazame jambo hili kwa huruma. Viwiko viwe usawa wa kinanda au juu yake kidogo, kifundo kinyooke, na kila baada ya nusu saa mikono ipumzike, hata ikibidi nyimbo mbili ziimbwe kwa ngoma peke yake. Maumivu yakizidi wiki mbili, au vidole vikianza kujikunja vyenyewe, njoo hospitali mapema.

Fleisher hakuacha muziki. Alifundisha katika chuo cha Peabody huko Baltimore, akaongoza okestra, na akapiga kazi zilizotungwa kwa mkono wa kushoto pekee. Zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani. Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Vienna, alipoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akawaomba watunzi wamwandikie. Ravel alimtungia konseto nzima. Fleisher aliishi na muziki huo kwa takribani miaka 30. Katika miaka ya 1990 sindano za kulegeza misuli na kazi ya mikono ya watabibu vilimrudishia vidole vyake, ingawa mwenyewe alisisitiza kwamba hajapona kabisa. Mwaka 2004 alitoa albamu ya mikono miwili. Alifariki mwaka 2020, akiwa na miaka 92.

Kijana wangu tumeanza upya, polepole mno, kidole kimoja kimoja, wakati mwingine akiwa amevaa glovu nyembamba, maana kwa baadhi ya watu mguso ukibadilika ubongo nao hubadili njia. Kwaya yake imempa mkono wa kushoto wa nyimbo, besi tu, na mwenzake anapiga kulia.

Ukija kliniki, njoo na kinanda chako na kiti unachokikalia.