Shule ya Serikali ya Mtaani: Yanayosemwa Kijiweni na Yaliyomo Ndani ya Geti

Kila uandikishaji wa awali na darasa la kwanza unapokaribia, maneno ya mtaani huwa yaleyale. Pale hakuna shule. Watoto wamejazana, walimu hawafundishi, elimu bure lakini michango haiishi. Wengi wanaoyasema hawajaingia ndani ya lile geti tangu wao wenyewe wamalize la saba. Mimi nina watoto katika shule ya msingi ya serikali hapa Dar es Salaam na nimewahi kuwa mjumbe wa kamati ya shule. Naandika kwa sababu maneno haya yana gharama, na anayeilipa ni mtoto. Mzazi aliyekwisha kuamini kwamba shule haina kitu hahudhurii kikao, haulizi swali, na haki za mwanawe zinapita bila mtu wa kuzidai.

"Si wamesema elimu bure? Basi nisiombwe hata mia"

Hii ndiyo dhana inayozaa ugomvi mwingi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Ada ya shule ya msingi ilifutwa tangu 2001. Kilichobaki kuwasumbua wazazi kwa miaka mingi baadaye ni michango: ya mlinzi, ya mitihani, ya madawati, ya maji. Ndipo ukatoka Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, uliofuta ada na michango ya lazima kuanzia awali hadi kidato cha nne, ukaanza kutumika Januari 2016. Mwaka huohuo wa 2016 ukafuata Waraka Na. 3, uliofafanua nani anabeba mzigo gani. Serikali inabeba mishahara ya walimu, ruzuku ya kuendeshea shule, vitabu vya kiada na gharama za mitihani ya taifa. Mzazi anabaki na sare, madaftari, kalamu, matibabu ya mtoto na chakula chake. Kwa hiyo mzazi anayefika shuleni mikono mitupu akidai daftari "kwa sababu ni bure" amekosea, na mwalimu anayemrudisha mtoto nyumbani kwa sababu hajalipa hela ya mlinzi amekosea zaidi.

Sasa tazama hiyo ruzuku yenyewe. Imewekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 ni za vitabu na hazipiti mkononi mwa shule. Zinazoingia kwenye akaunti ya shule ni 6,000. Chukua shule yenye watoto 1,200: ni 7,200,000 kwa mwaka, yaani 600,000 kwa mwezi, yaani shilingi 500 kwa kila mtoto. Bei ya chapati. Humo itoke chaki, karatasi za mitihani ya ndani, vifaa vya ofisi, ukarabati mdogo, michezo. Mlinzi wa usiku, bili ya maji na mpishi wa uji ndipo vinapokwama, na hapo ndipo mwalimu mkuu anapoita wazazi.

Kuitwa si kosa. Kosa ni kulazimishwa. Januari 2018 Rais John Magufuli alikataza michango mashuleni na kuelekeza kwamba mwenye nia ya kuchangia apeleke mchango wake kwa mkurugenzi wa halmashauri, mwalimu asishike fedha. Lengo lilikuwa kumlinda mtoto wa asiye nacho, na msingi huo haujabadilika: mchango ni wa hiari, wazazi waukubali kikaoni, uandikwe kwenye muhtasari, ufuate kibali cha mamlaka, na mtoto asifukuzwe kwa ajili yake. Mwanao akirudishwa, anza kwa mwalimu mkuu, kisha afisa elimu kata, kisha ofisi ya elimu msingi ya halmashauri. Usimalizie hasira zako kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Huko hakuna mwenye mamlaka ya kumrudisha mtoto darasani.

Na kuna jambo linaloniuma kila nipitapo. Shuleni kwetu mapato na matumizi hubandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi: karatasi mbili, moja ya zilizoingia, nyingine ya zilizotoka. Rimu ngapi, boksi ngapi za chaki, fundi aliyeziba bomba la choo cha wasichana amelipwa kiasi gani. Wazazi wa watoto wa awali wanapita hapo kila asubuhi, na wanaosimama kusoma ni wachache mno. Kisha tunaulizana barabarani hela za shule zinakwenda wapi. Ile karatasi imebandikwa kwa ajili yetu. Kama shuleni kwenu haipo, iulizie kikaoni, mbele za watu, kwa heshima. Kamati ya shule ina wazazi waliochaguliwa na wazazi wenzao, na mwalimu mkuu ndiye katibu wake. Anayesema hatuna sauti hajui kwamba kiti kipo na mara nyingi kinagombewa na watu wawili tu.

"Darasa moja watoto mia na kitu, watajifunza nini?"

Hapa sitadanganya mtu. Msongamano ni kweli. Kiwango kilichowekwa ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja, na mzazi wa Mbagala au Chanika akikisikia anatikisa kichwa. Katika maeneo hayo kuna shule zinazoingiza watoto kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana. Fedha za BOOST, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya awali na msingi, zimejenga madarasa na shule mpya, na zipo kata ambazo unafuu umeonekana, lakini mji unakua haraka kuliko matofali.

Dhana potofu iko kwenye hitimisho: kwamba basi mtoto hawezi kujifunza na mzazi hana la kufanya ila kutafuta hela ya private. Darasa kubwa linamnyima mwalimu jambo moja mahususi, nafasi ya kumsikiliza kila mtoto akisoma peke yake. Jambo hilo linafanyika nyumbani bila digrii.

Mtoto wa darasa la kwanza au la pili akikusomea ukurasa kwa sauti ya kujiamini, usimpongeze haraka. Wengi wanakariri kwa kufuata picha na kwa kusikia wenzao wakiitikia darasani. Ziba picha kwa kiganja. Mwoneshe kwa kidole neno lililo katikati ya mstari wa tatu, umwambie alisome hilo tu. Akisoma "sokoni" pale palipoandikwa "sokwe", umeujua ugonjwa: anakisia kwa silabi ya kwanza. Mrudishe kwenye silabi, dakika kumi kila jioni, na umwambie mwalimu wake ulichokiona. Walimu wa madarasa ya chini wanaipokea taarifa ya namna hiyo kwa mikono miwili, kwa sababu ndiyo wasiyoweza kuipata wenyewe wakiwa na watoto tisini mbele yao. Kusoma, kuandika na kuhesabu ndicho kiini cha madarasa mawili ya kwanza. Ukisubiri hadi la nne, upimaji wa taifa ndio utakaokuambia, na utakuwa umechelewa.

Daftari nalo lina habari zake. Angalia tarehe zinavyofuatana: pengo la wiki nzima katika hesabu lina maana. Angalia masahihisho, kosa lililowekewa alama nyekundu bila mtoto kulirudia chini yake halijafundisha kitu. Na kama kitabu cha kiada hakijamfikia mwanao, Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka vitabu hivyo kwenye maktaba yake ya mtandaoni, vinasomwa bure kwa simu.

"Tazama matokeo, private wanatuacha mbali"

Matokeo ya darasa la saba yapo wazi kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, shule kwa shule. Fungua ya shule yenu, soma mwenyewe badala ya kuhadithiwa. Mtihani una masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. Kabla hujalinganisha wastani, tazama idadi ya watahiniwa. Shule yenye watahiniwa ishirini na wawili, iliyowachuja kwa mtihani wa kujiunga na kuwakaririsha darasa waliolegea, haiwezi kuwekwa mzani mmoja na shule iliyopokea kila mtoto wa mtaa, akiwemo aliyehamia mwaka jana kutoka kijijini na yule anayeuza karanga jioni ili kwao wale. Ile ya pili ikitoa watoto arobaini wenye daraja A, hao arobaini hawaonekani kwenye wastani.

Baraza lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, na kwa maoni yangu lilifanya vema. Orodha ile ilikuwa imegeuka tangazo la biashara.

Swali la kuuliza kuhusu shule ni jingine: kati ya watoto walioingia darasa la kwanza, wangapi wamefika la saba? Wangapi wamepata D na E katika Hisabati, na mwaka uliotangulia walikuwa wangapi? Mwulize hivyo mwalimu wa taaluma. Utaona anavyokaa vizuri kwenye kiti, kwa sababu wazazi wengi humuuliza tu "wa kwanza ni nani".

"Akisoma Kiswahili atafia kidato cha kwanza"

Kidato cha kwanza ni kigumu, ndiyo. Mtoto aliyesoma Sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi anakutana na Biology kwa Kiingereza, na mzazi akilihofia hilo simlaumu. Lakini wengi wanaoanguka pale wana tatizo lililoanza mapema: hawakuwahi kusoma kwa kuelewa, kwa lugha yoyote. Anayeweza kusoma habari ya kurasa mbili kwa Kiswahili na kueleza ilikuwa inasema nini ana chombo cha kubebea Kiingereza. Asiyeweza, hata umpeleke anakoimba "good morning teacher" kila siku, atakariri tu.

Pia si kweli kwamba serikali haina shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza. Olympio na Diamond zipo hapa Dar, na Arusha School kule Arusha. Nafasi zake ni chache na zinagombewa, kwa hiyo sizitaji kama suluhisho la kila mtu.

Kuhusu walimu "wasio na sifa" sitasema mengi. Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali amesomea ualimu chuoni, kwa uchache cheti cha Daraja A, na siku hizi wapo wengi wenye stashahada na shahada. Nidhamu yake inasimamiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu. Kama hafundishi, kuna mahali pa kusema.

"Ukimpeleka serikali umekubali achapwe"

Wapo wanaoamini kila mwalimu ana ruhusa ya kuchapa atakavyo, na wapo wanaoamini viboko vilishapigwa marufuku. Yote mawili si sahihi. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu ya viboko kwa makosa makubwa ya nidhamu tu, visizidi vinne, na anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Mtoto wa kike huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina mwalimu wa kike kabisa. Umri na afya ya mtoto vinazingatiwa. Kila adhabu inaandikwa kwenye kitabu: jina, kosa, idadi ya viboko.

Mimi ningependa viboko viondoke kabisa. Mtoto anayechapwa kwa kukosa hesabu anajifunza kuichukia hesabu. Lakini hata kwa kanuni zilizopo, fimbo ya kuchelewa namba, fimbo ya darasa zima, fimbo ya kukosa jibu, zote ziko nje ya ruhusa. Mzazi anayelijua hili haendi shuleni kupigana. Anaenda kuomba kuoneshwa kile kitabu.

"La saba bado yupo mbali, nina muda"

Kwa watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 muda umepungua. Kwa mtaala mpya, elimu ya msingi ni miaka sita, na wao ndio wanaotarajiwa kumaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao watangulizi wao watamaliza la saba. Maana yake Januari 2028 mikupuo miwili itabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja: madarasa mara mbili, meza na viti mara mbili, walimu wa Hisabati mara mbili. Wapo wazazi ambao hadi leo wanahesabu miaka saba na wanapanga akiba ya sare kwa hesabu hiyo. Katika kikao kijacho cha shule, omba jambo hili liwe ajenda, na mwalikeni mkuu wa sekondari ya kata aje aeleze amejipangaje.