Kabla hujafungulia maji ya bwawa, klorini itoke kwanza

Swali linalotufikia sana sisi watu wa maabara ya maji ni hili, "maji ya bwawa si masafi jamani, watoto wanaogelea humo, sasa nikiyafungulia kwenye mtaro kuna ubaya gani?" Ubaya unampata samaki. Bwawa la kuogelea huwa na klorini miligramu 1 hadi 3 kwa lita, wewe utawashwa macho tu basi, ila yeye anapumua kwa matamvua na klorini inayaunguza, hata miligramu 0.02 kwa lita tayari ni hatari kwake. Na mitaro ya mvua mara nyingi haipiti kwenye mtambo wowote wa kusafisha maji, inaishia mtoni.

Njia ya bure ni jua. Acha kutia dawa, funua bwawa, washa pampu maji yazunguke. Kama hayana stebilaiza (ile asidi ya sayanuriki inayoikinga klorini isiharibiwe na jua) klorini nyingi inaondoka ndani ya masaa machache tu, lakini kama umezoea vile vidonge vinavyoyeyuka taratibu, vingi vina stebilaiza ndani yake, kwahiyo hesabu siku kadhaa.

Bwawa la ndani ya jengo halipati jua, hapo utatumia sodiamu thiosulfeti au vitamini C. Mfano, lita 50,000 zenye miligramu 2 kwa lita zina klorini gramu 100, na vitamini C inatakiwa kama mara 2.5 ya uzito huo, yaani gramu 250 hivi. Usizidishe ukidhani ndio usalama, vitamini C inashusha pH (kipimo cha uasidi, ikishuka maji yanakuwa na asidi zaidi) na thiosulfeti ikizidi sana inaweza kupunguza oksijeni kwenye maji. Halafu tafadhali, usichanganye dawa hizi zikiwa kavu na klorini ya unga kwenye ndoo moja, zinaweza kuwaka moto!

Sasa kwenye kupima ndio wengi wanateleza. Wanapima klorini huru (ile ambayo haijashikana na uchafu), wanaona sifuri, wanafungua. Kumbe ile iliyoshikana na jasho na mkojo (ndiyo ile inayonuka) bado imo, inachelewa kuisha, na samaki inamuua vilevile. Pima klorini yote kwa jumla. Hata ikisoma sifuri, vipimo vya nyumbani havioni kiasi kidogo kama 0.02, mi ningeongeza siku moja au mbili za jua, pH iwe kati ya 7 na 8, kisha niyaachie polepole kwenye nyasi yanywewe na udongo, baada ya kuuliza mamlaka ya maji ya eneo langu inaruhusu wapi. Bwawa la chumvi ni kesi nyingine, klorini itatoka lakini chumvi inabaki, bustani itakauka.

Na kama mvua zimenyesha sana usilimalize lote, maji ya chini ya ardhi yana nguvu ya kulinyanyua bwawa tupu likapasuka.