Miaka Ishirini Wodini Haitoshi Kuwa Ithibati

Kila Desemba madaktari wa Nairobi huanza kuulizana habari za pointi. Leseni ya mwaka hufikia kikomo tarehe 31, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya humtaka kila anayeihuisha awe amekusanya pointi 50 za mafunzo endelevu. Wenzangu wengi waliotibu kwa miaka ishirini au thelathini huliona sharti hili kuwa usumbufu. Mtu amepata shahada ya uzamili, amehudumia maelfu ya wagonjwa, athibitishe nini tena? Mimi ni daktari bingwa wa watoto na ni miongoni mwa hao wa zamani, lakini naamini kwamba tunapaswa kuthibitishwa upya, tena kwa kipimo kizito kuliko hiki tulicho nacho.

Imani hii niliipata kwenye dripu. Nilifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali, aliyeletwa mikono na miguu ikiwa imepoa na moyo ukienda mbio, atiliwe maji mengi mshipani kwa haraka. Nilifanya hivyo kwa miaka mingi. Wengi walipona, na kwa waliofariki tulisema kwamba waliletwa wakiwa wamechelewa. Mwaka 2011 yakachapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha watoto 3,141 wa hali hiyo katika Kenya, Uganda na Tanzania (wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuwemo). Miongoni mwa waliotiliwa maji kwa haraka, zaidi kidogo ya asilimia 10 walifariki ndani ya saa 48. Miongoni mwa wasiotiliwa, asilimia 7.3. Tofauti hiyo ni kama watoto watatu katika kila mia, na hakuna daktari awezaye kuitambua akiwa amesimama kando ya kitanda, hata akae wodini miaka arobaini, kwa sababu mtoto yule yule hatibiwi mara mbili ili tulinganishe. Uzoefu wangu ulikuwa umenifundisha kuwatambua watoto hao upesi, kisha kuwapa kwa ustadi mkubwa tiba iliyowadhuru.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, utafiti mwingine katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, ulikuwa umeonyesha kwamba katika malaria kali atesuneti huokoa watoto wengi kuliko kwinini, dawa ambayo kizazi changu kiliijua kwa vipimo vyake vyote bila kufungua kitabu.

Suala hili si letu peke yetu. Nchini Marekani, bodi ya madaktari wa magonjwa ya ndani ilianza mwaka 1990 kutoa vyeti vya miaka kumi, ila waliothibitishwa kabla ya hapo wakaachwa na vyeti vya maisha, na nadhani hapo ndipo ilipokosea zaidi, kwa kuwa waliosamehewa ndio waliosoma zamani zaidi. Masharti yalipoongezwa mwaka 2014 madaktari walilalamika vikali, na mwaka uliofuata bodi hiyo ikaomba radhi hadharani. Utafiti mmoja wa huko, uliochapishwa mwaka 2017, unastahili kutafakariwa: wagonjwa waliolazwa chini ya madaktari wenye umri wa miaka 60 na zaidi walifariki kwa kiwango cha juu kidogo kuliko wa madaktari vijana, lakini tofauti hiyo haikuonekana kwa madaktari waliohudumia wagonjwa wengi. Kwa hiyo umri peke yake si kosa.

Malalamiko ya wenzangu yana ukweli, nami siyapuuzi. Pointi nyingi hupatikana kwa kuketi ukumbini, na anayesikiliza hupata sawa na anayejibu simu mlangoni. Mtihani wa kuchagua jibu nao hupima kumbukumbu. Ninachokitaka ni mafaili: kila baada ya miaka michache, daktari bingwa kutoka hospitali nyingine achague kwa bahati nasibu mafaili ya wagonjwa wangu, ayalinganishe na mwongozo wa taifa wa matibabu, kisha tuketi tuzungumze. Kazi hiyo ihesabiwe katika kuhuisha leseni, na isiwe na msamaha kwa mwenye mvi.

Tangu mwaka jana mimi na mwenzangu mmoja tumekuwa tukibadilishana mafaili matano kila baada ya miezi mitatu, majina yakiwa yamefutwa. Mara ya kwanza aliniuliza kwa nini watoto wawili wenye nimonia, ambao vifua vilikuwa vikibonyea ndani wanapovuta pumzi lakini hawakuwa na dalili yoyote ya hatari, niliwalaza na kuwachoma sindano, ilhali mwongozo unasema wapewe amoksilini ya kunywa na kurudi nyumbani. Niliyapitia mafaili yote mawili tena, nikitafuta sababu niliyoiandika. Hapakuwa na sababu, ndivyo nilivyozoea.