Jicho la Kumwona Kifutu Chini ya Mkorosho

Tukienda porini kusaka nyoka kwa utafiti, tunavaa buti ndefu, tunashika fimbo yenye ndoano, na mmoja wetu kazi yake ni kuangalia tu. Mama anayeokota korosho Newala au Nachingwea, kusini mwa Tanzania, anaingia shambani na ndoo na kandambili, halafu mkono wake unapita palepale tunapoogopa kupitisha wetu: kwenye majani makavu, penye mabibo yaliyodondoka, pembeni ya gogo. Basi naye ni msaka nyoka, ila hajafundishwa.

Tuanze na kifutu. Nyoka wengi wakisikia kishindo cha miguu huondoka. Kifutu hulala tu. Anayaamini madoa yake, na hakosei, maana rangi yake na ya jani kavu la mkorosho ni ndugu. Hata mbwa usimtegemee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 nchini Afrika Kusini ulionyesha kuwa mbwa waliofunzwa kunusa nyoka walimkosa kifutu, kwa kuwa harufu yake ni hafifu mno.

Kwa hiyo macho yetu hayatafuti nyoka, yanatafuta mchoro unaojirudia. Majani hudondoka ovyo. Ukiona alama za V, zile za mgongoni mwa kifutu, zimefuatana kwa mpangilio, simama. Mkono usitangulie fimbo. Gogo tunalishika kwa upande wa mbali, kisha tunalivuta lije kwetu, ili uwazi utazame mbele na gogo lenyewe liwe ngao. Tukishaangalia, tunalirudisha lilivyokuwa.

Saa ya kifutu ni magharibi na usiku, hasa mvua za kwanza zinapoanza huku korosho za mwisho bado zinaokotwa. Mchanga wa njiani hubaki na joto la mchana na kifutu hupenda kujilaza hapo. Tochi iwepo hata kwa safari ya chooni.

Juu ya mti mambo ni mengine. Yule nyoka wa kijani kibichi, mwembamba, anayekaa kwenye mikorosho na miembe ni jamii moja na koboko, na mara chache hushuka chini. Tunamgundua kwa masikio: shorewanda na ndege wenzake wakilizonga tawi moja kwa kelele, kuna jambo. Usilipige tawi hilo kwa upondo. Sio kila nyoka wa kijani ana sumu, lakini kubishana juu yake chini ya mti hakuna faida.

Mwingereza C. J. P. Ionides, aliyekuwa ofisa wanyamapori Liwale kisha akahamia Newala, alikamata maelfu ya nyoka. Pamoja na uzoefu huo wote, aligongwa mara nyingi. Nawakumbusha hilo vijana wanaomshika nyoka shingoni ili warekodiwe kwa simu. Kuna nyoka mweusi mdogo anayefukuliwa wakati wa kulima ambaye hashikiki shingoni kabisa, kwani meno yake hutokeza pembeni ya mdomo na kuchoma kidole bila kuufumbua. Tena kukamata wanyamapori bila kibali ni kosa kisheria.

Swila yeye hutema. Mate yake hufika mita mbili hadi tatu na hulenga uso. Yakiingia machoni, osha kwa maji mengi safi yanayotiririka, usisugue, kisha nenda hospitali.

Aliyegongwa asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukaza, wala asipoteze muda na jiwe la nyoka, lile linalobandikwa jerahani eti linyonye sumu. Najua wapo wanaoliapia jiwe hilo. Wengi wao waligongwa na nyoka asiye na sumu, au aliyeuma bila kuingiza sumu. Mvue pete na bangili kabla mkono haujavimba, kiungo kitulizwe kama kilichovunjika, asitembee. Kwenye bodaboda apakiwe katikati, mtu amshike kwa nyuma, maana sumu ya koboko na ndugu yake wa kijani hulegeza misuli ya kupumulia na anaweza kuanguka njiani. Mwingine apige simu mbele kuuliza kituo gani kina dawa ya sumu ya nyoka, msije mkazunguka. Nyoka mwacheni alikokimbilia. Andikeni saa aliyogongwa, daktari ataihitaji.