Kenya: asilimia 15 ya kaunti si ngao dhidi ya kupunguziwa bajeti

Wengi huamini Katiba inazipa kaunti asilimia 15 ya kila shilingi inayokusanywa mwaka huu, hivyo mgao wao haukatiki. Sivyo. Kifungu cha 203 kinataka asilimia hiyo ipigwe kwa hesabu za mapato za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Idhini ikichelewa, hesabu za miaka kadhaa nyuma ndizo hutumika. Tuseme zilikuwa trilioni 1: kima cha chini ni bilioni 150, hata leo zikikusanywa trilioni 2.

Kaunti kwa kawaida hupewa zaidi ya kima hicho, na ile ziada ndiyo hukatwa. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha, uliokusudia kuongeza kodi, ulipokataliwa, mgao wa shilingi bilioni 400.1 uliokwisha kuwa sheria ulirekebishwa ukawa bilioni 387.4, baada ya Seneti na Bunge la Kitaifa kuvutana hadi kamati ya upatanishi ya mabunge hayo mawili.

Kinga yenye meno zaidi ni Kifungu cha 219: mgao ufike bila kucheleweshwa isivyofaa wala kukatwa. Lakini hicho hulinda kiasi kilichomo kwenye sheria tu. Sheria ikirekebishwa, kiasi chenyewe hushuka, kwa hiyo kaunti zipiganie mgao wao ndani ya Seneti kabla ya upatanishi.